Namba 2 na Namba 3: Namna ya Kumpima Beki wa Pembeni Kabla ya Kuchagua

Kila Agosti ligi ya Uingereza inapokaribia kuanza, wengi wetu tunakuwa nyumbani au field, lakini magrupu ya WhatsApp yanachemka kama chungu cha kahawa. Watu wanahesabu mabao ya msimu uliopita, wanatumiana picha za skrini, na wanaapizana kwamba safari hii hawamwachii mtu Haaland. Kuhusu mabeki hakuna anayesema kitu. Beki anachaguliwa dakika ya mwisho, kwa jina zuri au kwa sababu ndiye aliyebaki.

Mada yangu leo ni huyo huyo anayebaki: beki wa pembeni, yaani namba 2 na namba 3. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, nafasi hii ndiyo ambayo anayejua hesabu anapata faida juu ya asiyejua. Pili, mimi ni namba 3 wa timu ya kitivo chetu, na nimechoka kusikia kwamba anayecheza pembeni nyuma ni yule aliyekosa nafasi mbele. Nasoma takwimu. Basi nitaitetea nafasi yangu kwa hesabu, siyo kwa kelele.

Kuchagua kwa zamu

Wengi mnaifahamu Fantasy Premier League ya kawaida: una bajeti ya milioni 100, unanunua wachezaji 15, na wewe na mwenzako mnaweza kuwa na mchezaji yuleyule kwa pamoja. Hapa nazungumzia ule mtindo mwingine, wa drafti. Siyo drafti ya vizibo vya soda wanayocheza wazee wetu Ngamiani. Hii ni drafti ya kuchagua kwa zamu: hakuna bajeti wala bei, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine wote wamemkosa. Zamu inakwenda kama nyoka. Aliyechagua wa kwanza raundi ya kwanza, anachagua wa mwisho raundi ya pili, kisha inageuka tena.

Kikosi ni kilekile cha watu 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Pointi nazo ni hizi. Mchezaji akicheza anapata 1, akifikisha dakika 60 anapata 2. Bao la beki ni pointi 6, la kiungo 5, la mshambuliaji 4. Pasi ya bao ni 3 kwa yeyote. Klinishiti, yaani timu kutofungwa, ni pointi 4 kwa beki na kipa, lakini sharti awe amecheza angalau dakika 60. Kila mabao 2 anayofungwa beki akiwa uwanjani yanamkata 1. Kadi ya njano inakata 1, nyekundu 3.

Mchezo wa namna hii haukuzaliwa kwenye soka. Mwaka 1980 huko New York, mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake walianzisha ligi yao ya kubuni ya besiboli, na jina lake wakalitoa kwenye mgahawa waliokuwa wanakutana, La Rotisserie Française. Wachezaji wa besiboli ya kubuni wamekuwa wakibishana miaka yote kuhusu yule anayelinda kituo cha pili. Kwa kawaida hapigi mipira mirefu kama wenzake wa vituo vingine, kwa hiyo ukimtazama kwa jumla ya alama unamdharau. Lakini kila timu lazima iwe naye, na wazuri ni wachache. Hapo ndipo linapokuja swali ninalotaka ulibebe kutoka kwenye makala hii: mchezaji huyu anamzidi kwa kiasi gani yule nitakayempata nikimkosa?

Chungwa la Muheza

Ukienda Muheza msimu wa machungwa umepamba moto, chungwa tamu sana na chungwa tamu kiasi yote yanauzwa kwa bei ya kutupa. Utamu haujapungua. Kilichobadilika ni kwamba ukilikosa hili, pembeni yake kuna gunia zima. Chungwa lilelile nje ya msimu utalilipia vizuri na utashukuru. Thamani yake inategemea na kile kilichobaki sokoni ukilikosa.

Tuingize hesabu hiyo kwenye drafti. Chukua kundi la watu 8. Mabeki watakaochukuliwa ni 8 mara 5, yaani 40. Ligi ina klabu 20, na kila moja ikianza na mabeki wanne, kuna mabeki 80 wanaocheza kila wiki. Kwa hiyo baada ya watu wote kuchagua, bado kuna mabeki 40 wanaoanza mechi ambao hawana mwenyewe. Sasa njoo kwa washambuliaji. Tunahitaji 24, lakini klabu nyingi siku hizi zinaanza na mshambuliaji mmoja tu wa kati. Wanaoanza kila wiki ni ishirini na kidogo. Ukichelewa, mshambuliaji wako wa tatu atakuwa mtu wa kuingia dakika ya 80.

Huyo bora aliyebaki sokoni baada ya wote kuchagua tumwite mbadala. Mbadala wa beki ni beki wa 41 kwenye orodha yako. Mbadala wa mshambuliaji ni wa 25. Thamani ya mchezaji ni pointi zake ukitoa pointi za mbadala wa nafasi yake.

Mfano, na namba hizi nimezitunga ili tufanye hesabu tu. Tuseme kiungo bora aliyebaki unamtarajia pointi 190, na mbadala wake 110. Tofauti ni 80. Mshambuliaji unamtarajia 170, mbadala wake 70. Tofauti ni 100. Beki unamtarajia 150, mbadala wake 95. Tofauti ni 55. Anayesoma jumla peke yake atachukua kiungo. Anayesoma tofauti atachukua mshambuliaji kwanza, kisha kiungo, na beki atamngojea.

Utasema: mbona umekuja kumtetea beki, na hesabu yako inamweka mwisho? Subiri. Hesabu inamweka mwisho beki wa kawaida. Mwaka 2018/19 Andrew Robertson wa Liverpool alipata pointi 213 kwenye Fantasy Premier League, na hakufunga hata bao moja kwenye ligi msimu ule. Alimzidi Pierre-Emerick Aubameyang, aliyekuwa mmoja wa wafungaji bora watatu waliolingana kwa mabao 22. Weka 213 kwenye mfano wetu, toa 95, unabaki na 118. Huyo ni namba 3 anayestahili kuchaguliwa kabla ya kiungo na mshambuliaji wote wawili. Kwa hiyo kazi yako ni kumtambua beki ambaye pengo lake ni kubwa kabla wenzako hawajamwona, na wale wengine wote kuwaacha wasubiri.

Hili la pengo mtaani tunalijua, ila hatulisemi vizuri. Msichana wa kazi za nyumbani watu wanamwita "beki tatu", jina la dharau, kwa sababu anabaki nyuma wakati wengine wametoka. Siku akiaga kwenda kwao ndipo nyumba nzima inagundua alikuwa anashikilia nini. Soka nayo ni hivyo. Mohamed Hussein "Tshabalala" alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2025, kijiweni kwetu hakuna aliyeuliza alikuwa anafunga mabao mangapi. Swali lilikuwa moja: nani sasa anasimama namba 3?

Klinishiti ni ya timu, pasi ni ya mchezaji

Sasa tumpime beki mwenyewe. Pointi zake zinatoka mafungu mawili, na ukiyachanganya unapotea.

Fungu la kwanza ni klinishiti. Hiyo siyo mali yake peke yake, ni ya watu kumi na mmoja. Sisi wa Tanga hatuhitaji kufundishwa hili. Coastal Union ilimaliza ya nne msimu wa 2023/24 na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na kipa wao Ley Matampi akawa kipa bora wa ligi. Aliyekuwa anakaa Mkwakwani aliona kwamba Matampi hakuwa anasimama peke yake pale nyuma. Ukimchagua beki wa timu ngumu unanunua sehemu ya ule ukuta, na sehemu nyingine za ukuta huo huo bado zinauzwa.

Fungu la pili ni kazi yake ya mbele: krosi, kona, faulo, penalti kama anapiga. Hiyo ni yake. Trent Alexander-Arnold alitoa pasi 13 za mabao kwenye ligi msimu wa 2019/20 na akamaliza na pointi 210 za fantasi. Beki wa kati aliyesimama naye Liverpool alipata klinishiti zilezile, lakini zile pasi hakuna aliyeweza kuzipata kwa kusimama karibu naye.

Tuseme unao mabeki wawili mbele yako. Wa kwanza yuko timu kubwa, unamtarajia klinishiti 14 na pasi 1 ya bao. Hizo ni 56 na 3, jumla 59. Wa pili yuko timu ya katikati ya msimamo, klinishiti 9 na pasi 8. Hizo ni 36 na 24, jumla 60. Kwa macho wamelingana. Kwa hesabu ya mbadala hawalingani kabisa. Klinishiti 14 za yule wa kwanza utazipata pia kwa mwenzake wa ukuta huo huo, beki wa kati asiyetajwa na mtu, ambaye atakuwepo mpaka raundi ya kumi na kitu. Pasi 8 za yule wa pili hazina duka lingine. Mchukue wa pili mapema, halafu rudi baadaye umchukue beki wa kati wa ile timu kubwa. Umepata vyote viwili.

Mambo manne ya kukagua

La kwanza ni dakika. Kabla ya jambo lolote uliza: anaanza, na anamaliza? Beki anayetolewa dakika ya 58 amekosa klinishiti hata kama timu haikufungwa. Timu zinazocheza Ulaya katikati ya wiki zinabadilisha mabeki wa pembeni mara nyingi, kwa sababu hao ndio wanaokimbia kwenda na kurudi mstari mzima. Niulizeni mimi mapafu yangu yanavyokuwa dakika ya 70 kwenye jua la saa kumi Tanga.

La pili ni mahali anapocheza kweli. Kwenye fantasi mchezaji anaandikwa nafasi mwanzoni mwa msimu, na anabaki nayo hata kocha akimhamisha. Msimu wa 2019/20 John Lundstram wa Sheffield United aliandikwa beki huku akicheza kiungo. Alifunga mabao 5 na kumaliza na pointi 144. Msimu uliofuata Stuart Dallas wa Leeds naye aliandikwa beki, akawa anachezeshwa kiungo mara kwa mara, akafunga mabao 8 na kupata 171. Mtu wa namna hii analipwa pointi 6 za bao la beki huku anaishi karibu na lango la wapinzani. Tazameni mechi za maandalizi. Angalia namba 2 anasimama wapi timu yake ikiwa na mpira: nyuma, pembeni juu, au ameingia katikati? Aliyeingia katikati kusaidia viungo mara nyingi krosi zake zinapungua. Usimlipe kwa sifa za msimu uliopita.

La tatu ni kutenganisha uwezo na bahati. Pasi ya bao inahitaji mtu wa pili afunge. Beki anaweza kutoa krosi safi msimu mzima na mshambuliaji wake akapiga nje. Mwingine anagusa mpira mita 40 kutoka langoni, mwenzake anachomoka na kufunga la mbali, naye anaandikiwa pasi. Ndiyo maana watu wa takwimu wanatumia pasi tarajiwa, yaani hesabu ya nafasi alizotengeneza kulingana na ubora wake, bila kujali zilifungwa au la. Beki mwenye pasi 3 za mabao lakini nafasi alizotengeneza zilistahili 7 ni wa kumwinda. Mwenye 8 zilizostahili 3, mwachie jirani yako.

La nne ni sheria mpya. Tangu msimu wa 2025/26 beki anapata pointi 2 za ziada kwenye mechi akifikisha vitendo 10 vya ulinzi: kuokoa mpira, kuzuia shuti, kunasa pasi na kupokonya. Wanaookoa kwa vichwa kutwa nzima ni mabeki wa kati, hasa wa timu zinazoshambuliwa sana. Utadhani hili halimhusu wa pembeni. Linamhusu sana. Wale mabeki wa kati wa timu ndogo ndio walikuwa wanabaki sokoni, na ndio mbadala wetu. Mbadala akipanda, pengo la beki wa pembeni linashuka hata kama yeye mwenyewe hajabadilika. Kwa hiyo usichukue zile 213 za Robertson ukazileta leo kama zilivyo.

Hesabu hii siyo ya simu tu

Klabu isiyo na fedha nyingi inaishi kwa hesabu hiyo hiyo. Mwaka 2020 Coastal Union, bingwa wa Bara wa 1988, iliwapoteza mabeki wawili wa kati katika dirisha moja: Bakari Mwamnyeto akaenda Yanga, Ibrahim Ame akaenda Simba. Klabu tajiri ikiondokewa na mtu inanunua mwingine. Klabu ya kwetu ikiondokewa, inabidi iwe imeshamjua mbadala tangu yuko uwanja wa vumbi, maana siku ya kuuza siyo siku ya kuanza kutafuta. Mdogo wangu anayecheza namba 2 pale Usagara akiniuliza kama ahamie mbele ili aonekane, namjibu aangalie kwanza ni wangapi wanagombea kule mbele, na ni wangapi wanaoweza kupiga krosi kwa mguu wa kulia wakiwa wanakimbia.

Sasa nije kwenye fedha, maana msimu huu kuna jambo linanisumbua. Kundi letu la watu 8 limekuwa likichanga 5,000 kila mmoja. Jumla ni 40,000, anayeshinda anachukua, tunakula mishikaki, yameisha. Kuna pendekezo la kupandisha hadi 50,000, yaani chungu cha 400,000, na wanaolipendekeza wanasema wanaojua hawapaswi kuogopa. Mimi ndiye ninayejidai kujua, na ninapinga.

Hesabu ndiyo inayonikataza. Tuseme kwa maarifa yote niliyoyaandika hapa umepata beki anayemzidi wa mwenzako kwa pointi 20. Ni faida nzuri. Lakini msimu una mechi 38. Pointi 20 ukizigawa kwa 38 unapata kama nusu pointi kwa wiki. Kadi moja ya njano ya kijinga inakula pointi 1. Bao moja la dakika ya 90 linakula 4 za klinishiti. Maarifa yanakupa nusu pointi, bahati inacheza na nne au sita. Kwa muda mrefu anayejua hushinda mara nyingi zaidi, hilo ni kweli, lakini msimu mmoja siyo muda mrefu.

Na hiyo 50,000 inatoka wapi? Kwa wengi wetu inatoka kwenye boom. Boom ni deni. Ukipata ajira, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka liishe. Kumwekea beki wa Newcastle fedha ambayo bado hujaifanyia kazi, kisha uje uilipe ukiwa na mke na watoto, ni hesabu mbaya kuliko kumchagua kipa raundi ya kwanza. Mchango ubaki 5,000. Anayetaka kubeti mikeka akabeti kivyake, asiuvike jina la fantasi.

Zoezi kabla ya siku ya kuchagua

Chukua karatasi, siyo simu. Andika mabeki 45 kwa mpangilio wa pointi unazowatarajia. Piga mstari chini ya namba inayolingana na idadi ya watu wa kundi lako mara 5. Wa kwanza chini ya mstari ndiye mbadala wako. Toa pointi zake kwa kila aliye juu. Fanya vivyo hivyo kwa viungo na washambuliaji, kisha changanya orodha zote tatu kwa tofauti hizo. Halafu kwa kila beki wa pembeni kwenye kumi bora jibu maswali mawili kwa sentensi moja moja: pointi zake ngapi ni za ukuta, na ngapi ni za mguu wake?

Ukiona namba 3 yeyote ameingia kwenye kumi bora ya orodha yote iliyochanganywa, usimtangaze kwenye grupu. Subiri zamu yako.